Sekunde Zisizo Zake

3 Februari

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana Mama husema wewe hata chakula hukila umesimama. Mjomba Kitinda naye mpe shikamoo yangu. Sisi tuko salama. Baba yuko safarini na lori. Hurudi, hulala siku mbili, huondoka tena akiwa ameacha soksi moja. Mama bado anashona sare za shule chumbani, na cherehani ikinyamaza tunajua uzi umekatika na si vizuri kumsogelea. Kaka Komeo ametimiza miaka kumi na saba. Bado hukagua makomeo ya milango yote kila jioni, na ya jirani pia asipozuiwa. Mimi bado ni yule mchwa wako. Nimeshakula rafu tatu za maktaba ya shule, sasa niko kwenye rafu ya mwisho, ile ya vitabu visivyoazimwa na mtu.

Huko ndiko nilikokuta kitabu cha historia ya michezo ya watu wenye ulemavu wa akili. Nilikisoma nimesimama mpaka kengele ikalia. Kumbe zamani wengi waliamini kwamba watu kama Komeo hawawezi mazoezi, mpaka mtafiti mmoja wa ng'ambo alipowapima watoto akaona kwamba udhaifu wa miili yao ulitokana na kukalishwa tu. Halafu kuna mama mmoja aliyefungua uwanja wa nyumba yake uwe kambi yao ya michezo. Miaka michache baadaye, mwaka 1968, wanariadha kama elfu moja walikusanyika kwenye uwanja mkubwa sana, na viti vilikuwa karibu vitupu. Nimewaza sana kuhusu viti vile. Darasani nikifumba macho huwa nimekaa juu kabisa, peke yangu, napiga makofi.

Sasa jambo lenyewe. Shule ya Komeo imeanzisha timu ya riadha. Mwalimu wao, tunayemwita Mwalimu Filimbi kwa sababu hata akitaka chumvi hupiga filimbi, anasema Komeo ana miguu. Michezo ya mkoa ni tarehe 10 Mei. Kila mkimbiaji anahitaji fomu iliyotiwa sahihi na mzazi kabla ya tarehe 20 Aprili. Mama ameisoma, ameikunja mara nne, ameitia kwenye droo ya vifungo na kusema, "Hapana." Nikamuuliza sababu. Akasema, "Niletee uzi mweupe." Baba naye ukimuuliza anasema, "Muulize mama yako."

Mama Mkubwa, najua kwamba kabla ya kazi ya dobi ulikuwa mwalimu wa watoto kama Komeo. Labda wewe unajua kwa nini Mama hataki.

Ni mimi, mwanao ninayeweza kuyasema haya kwa sababu tu sikuoni usoni,
Mchwa

26 Februari

Mchwa wangu,

Marahaba mara mbili, moja yangu na moja ya Mjomba wako, aliyesimama hapa akihakikisha kwamba nimeiandika yake.

Nimekaa, ili mama yako asipate la kusema. Kazi ni ileile. Shuka za wodi zote za hospitali huja kwetu asubuhi, zinazunguka kwenye mapipa makubwa, zinatoka zikifuka mvuke, na mpaka saa nne chumba kizima huwa ni mvuke na nguo nyeupe, humuoni aliye mbele yako. Mimi na Mjomba wako tunakunja. Yeye hushika pembe mbili, mimi mbili, anakuja polepole mpaka mikono yetu ikutane, anarudi nyuma polepole. Mkuu wetu wa kazi alikuwa akimwambia aongeze mwendo. Amechoka, ameacha. Mjomba wako hana haraka na mtu.

Umefanya vizuri kusoma. Mimi sikuwa na kitabu nilipoanza. Nilikuwa na watoto ishirini na wawili, uwanja wenye mteremko, na majivu ya jikoni ya kuchorea mistari. Kazi ya kwanza haikuwa kuwafundisha kukimbia, hiyo waliijua. Kazi ilikuwa kuwaeleza mashindano ni nini. Mmoja akianguka wote walisimama kumsubiri. Nilimwambia binti mmoja, "Mpite mwenzako." Akaniuliza, "Nimpite kwa nini? Amenikosea nini?" Ilinichukua miezi kupata jibu, na sina hakika kama lilikuwa jibu zuri. Mwisho wa mwaka waliweza kukimbia mita hamsini bila kushikana mikono, ila wakifika walishikana.

Ya mama yako, usimsumbue. Sababu anayo, na ni nzuri kuliko unavyodhani. Mengine yamepita na maji yake. Soma vitabu vyako.

Mvuke umeanza kulowesha karatasi, naacha hapa.
Mama yako Mkubwa

17 Machi

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikiwa na harufu ya sabuni, nikaiweka chini ya mto siku tatu. Habari za nyumbani ni vifungo. Mama amepata kazi ya sare mia mbili, na juzi Baba alikunywa chai akakutana na kifungo. Aliuliza kama ni dawa.

Samahani, sikuweza kuacha kumsumbua Mama. Ila sikusema kitu, nilikaa tu karibu naye nikimtungia uzi sindanoni. Nikiwa natafuta mkasi kwenye droo niliona picha. Kijana anakimbia, miguu yote miwili iko hewani, mdomo wazi. Niliitazama muda mrefu kabla sijajua kwamba ni Mjomba Kitinda. Mjomba, ambaye sijamwona hata siku moja akiharakisha! Hata alipokuja kwetu na mvua ikamkuta njiani, alitembea vilevile, akaingia ameloa kama shuka zenu. Mama aliichukua picha mkononi mwangu akasema, "Rudisha kila kitu ulikokitoa." Fomu bado iko mle, chini ya picha.

Lakini mazoezi hayasubiri fomu, fomu ni ya kwendea mkoani. Namsindikiza Komeo kila asubuhi kabla ya darasa. Wakati huo ukungu unakuwa chini tu, mpaka magotini, na wakimbiaji huonekana kama watu wasiokuwa na miguu, wanapita kimya. Nilimuuliza Komeo anasikia nini akikimbia. Akasema, "Masikio yananyamaza." Nadhani ni jambo zuri kuliko yote niliyosoma mwaka huu.

Tarehe 29 ni mchujo shuleni kwao. Mwalimu Filimbi atapima kila mtu kwa saa ya kubonyeza, na sekunde hizo zitapelekwa mkoani ili wanaolingana mbio wawekwe kundi moja. Nimefikiri sana kuhusu makundi hayo. Pia nimesoma kwamba mkimbiaji mwenye busara hutunza nguvu zake. Basi nimemwambia Komeo: siku ya mchujo kimbia polepole, usichoke, siku ya michezo ndiyo ukimbie. Ameshika. Unamjua, akishaambiwa jambo limekwisha. Jana nilimsikia akiuambia mfereji wa bafuni, "Mchujo polepole. Michezo haraka."

Akishinda, labda Mama atafurahi kwamba nilisumbua.

Wako, mwenye wino vidoleni,
Mchwa

1 Aprili

Mchwa,

Salamu nitaziandika mwisho. Barua yako imefika leo mchana, na mchujo ulikuwa siku tatu zilizopita. Najua nimechelewa. Ningekuambia mwezi wa pili ulipouliza, usingefika hapo. Kwa hiyo kosa hili nalo ni langu.

Miaka kumi na sita iliyopita nilimpeleka Mjomba wako kwenye michezo kama hiyo. Mimi nilikuwa mwalimu wake na dada yake. Siku ya kwanza mchujo, siku ya pili fainali. Jioni kabla ya mchujo nilimwambia, "Kesho polepole, usichoke. Kesho kutwa haraka." Mama yako alikuwepo, amekaa kitandani pangu na kaka yako miguuni, mtoto wa mwaka mmoja. Daktari alikuwa amemwambia habari za kaka yako wiki mbili tu kabla. Alikuja na sisi aone watoto kama wake wanavyokua.

Mjomba wako alifanya kama alivyoambiwa. Alikimbia mchujo kama anayekwenda dukani, akawekwa na wakimbiaji wa polepole. Fainali, hiyo uliyoiona kwenye picha, aliwaacha wenzake nusu ya uwanja. Wakamvisha medali. Wimbo ulikuwa haujaisha akaja mwamuzi na karatasi zake.

Kuna kanuni katika michezo hii, Mchwa, na sijui kama kitabu chako kinayo. Mtu akikimbia fainali kwa kasi kubwa sana kupita mchujo wake, anaondolewa. Ni kanuni ya haki. Inamlinda yule wa polepole, ili siku moja maishani mwake akimbie na anayelingana naye. Niliijua. Kinywa changu kilisema "usichoke" lakini kichwa changu kilishapiga hesabu ya makundi.

Mwamuzi aliniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, kuna aliyemwambia afiche mbio zake?"

Nikasema hapana.

Akasema, "Basi ameficha mwenyewe," akaandika.

Mjomba wako aliivua medali kichwani taratibu ili utepe usijikunje, akampa. Akaniuliza, "Nimekimbia vibaya?" Nikamwambia twende nyumbani. Mama yako hakunigombeza. Aliniita tu, "Dada," akanitazama, halafu akamfunga kaka yako mgongoni akatangulia kutoka. Mwezi ule niliacha ualimu. Tangu siku ile Mjomba wako hakimbii. Hajakatazwa na mtu. Anadhani alikosea.

Nenda kwa mwalimu wa kaka yako. Najua ulivyo, najua mdomo wako unavyokauka mbele ya watu. Nenda hivyohivyo. Kaka yako asije akauliza swali lile nikiwa hai.

Wasalimie wote. Mama yako msalimie ukiona inafaa.
Mama Mkubwa

29 Aprili

Mchwa,

Marahaba, ingawa hujanisalimu. Wiki nne sasa. Kila mfuko wa barua ukiletwa hospitalini nakwenda mpaka mlangoni kwa karani na mikono yenye povu, mpaka ananiuliza kama nasubiri mahari. Fomu ilikuwa iende tarehe 20. Niandikie hata mstari mmoja.

14 Mei

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kimya changu. Kila nilipoanza kuandika niliona sijui mwisho wake bado, na sikutaka kukupa nusu. Baba amerudi, yuko hapa anatafuta soksi. Mama mzima. Komeo mzima.

Barua yako niliisoma chooni, mahali pekee nyumbani kwetu penye komeo ambalo Komeo halikagui mtu akiwa ndani. Niliisoma mara tatu. Komeo alikuwa ametumia sekunde ishirini na nane kwenye mita mia. Mwalimu Filimbi alishangaa lakini akaandika, akidhani ni tumbo.

Nilikwenda siku iliyofuata. Nilisimama nje ya ofisi ya walimu nikasoma ubao wa matangazo wote, hata tangazo la mwaka juzi la mbwa aliyepotea. Alipotoka nikasema haraka, "Mwalimu, zile sekunde si zake. Ni zangu."

Akasema, "Zako? Kwani wewe ulikimbia?"

Nikamweleza. Aliondoa filimbi shingoni, sikuwahi kumwona bila hiyo. Akasema, "Karatasi nimeshatuma. Unajua sasa lazima niwaandikie kwamba mwalimu mzima nimedanganywa na mtoto wa shule?" Nikasema najua. Akaniuliza kama nilikuwa najua hesabu ya makundi, au nilitaka kutunza nguvu tu. Nilitaka kusema ni nguvu tu. Nikasema, "Nilijua kidogo." Hata wewe nilikuficha katika barua yangu, Mama Mkubwa. Nilijua kidogo.

Alimpima tena mbele ya walimu wawili. Pale mstarini Komeo aliniuliza, "Polepole au haraka?" Nikamwambia nilikosea, akimbie kadiri awezavyo. Akafikiri. "Wewe umekosea?" "Ndiyo." "Mimi sijakosea?" "Wewe hujakosea." Alikimbia sekunde kumi na sita, akapita mstari akaendelea mpaka kwenye uzio.

Wakati wa chakula alimtangazia kila mtu, "Mchwa amekosea." Alisema kwa raha sana, kama anayeleta habari za harusi. Mama akauliza nimekosea nini. Nikamwambia yote, ila barua yako sikuitaja. Aliweka kijiko chini.

"Ulikwenda kwa mwalimu mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Ukasema kwa mdomo wako? Wewe, unayemsubiri jirani apite ndipo utoke nje?"

"Ndiyo, Mama."

Akakichukua kijiko chake akaendelea kula. Asubuhi niliikuta fomu kwenye begi langu, imenyooshwa kwa pasi. Alikuwa ameikandamiza kalamu mpaka sahihi yake inasomeka upande wa pili kwa kidole.

Waratibu walikubali sekunde mpya, wakamweka Komeo kundi la wenye kasi. Wakimbiaji wanane. Mama alikaa nami kwenye viti. Viti havikuwa vitupu wala havikujaa. Waliokuja walikuja kwa ajili ya mtu. Filimbi ilipolia kila kitu kilienda taratibu mbele ya macho yangu, vumbi, namba mgongoni, na uso wa Komeo, ambaye najua hakutusikia hata kidogo. Akawa wa sita.

Halafu akaja mwamuzi na karatasi mkononi, akienda moja kwa moja alipo Komeo. Nilimsikia Mama akivuta pumzi. Alishuka ngazi zile, Mama ambaye magoti humuuma, akasimama katikati yao kabla mtu yule hajafungua mdomo. Mwamuzi akasema samahani, alitaka tu kumgeuzia utepe wa nafasi ya sita, ulikuwa umekaa kinyume. Mama akasema, "Nipe mimi." Akaugeuza mwenyewe. Alikaa pale muda mrefu akiunyoosha, nao ulikuwa umeshanyooka.

Njiani kurudi aliniuliza, "Mama yako Mkubwa hajambo?" Nikasema hajambo. Akasema, "Mwambie wa sita." Basi nakuambia.

Nakuacha na heshima zote,
Mchwa

2 Juni

Mwanangu Mchwa,

Marahaba. Mwambie mama yako nimepokea, wa sita. Nimelibandika neno hilo juu ya pipa langu la kufulia na wenzangu wanadhani ni zamu.

Nilisoma barua yako mara nyingi nikaona aibu, kwamba mtoto asiyeweza kumsalimia jirani ameweza jambo lililonishinda miaka kumi na sita. Tarehe 22, tukiwa kazini, shuka iko katikati yetu, nilimwambia Mjomba wako. Nilisema, "Siku ile ya medali hukukosea. Mimi ndiye niliyekuambia polepole, halafu nikamwambia mwamuzi sikukuambia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, na nilijiandaa pia kwa msamaha, nisikudanganye. Unajua alivyo mpole. Hakunipa vyote viwili. Alikunja shuka ile mpaka mwisho, akaiweka juu ya nyingine, akaenda kukunja na yule mama wa kwenye pasi. Siku tisa hakunisemesha. Nampikia, anakula, anaosha sahani yake peke yake na yangu anaiacha. Nimemlea mtu yule tangu ana miaka mitano na sikujua kama anaweza kukasirika hivyo. Wa pasi akaniambia, "Mwenzako leo kaniuliza, kusema uongo ni kosa la mwaka gani mpaka mwaka gani."

Jana jioni alikuja akasimama mlangoni. "Yule mtu aliandika," akasema.

"Nani?"

"Mtu wa karatasi. Aliandika mimi nimeficha."

"Ndiyo, aliandika."

"Basi na wewe andika."

Nikamwambia mwamuzi yule atakuwa ameshastaafu, na karatasi zile pengine zimeshaliwa na mchwa, nao si mchwa wa aina yako. Hakucheka. Akaniletea kalamu.

Kwa hiyo leo asubuhi nimeiandikia ofisi ya michezo. Nimetaja mwaka, mbio, maneno niliyomwambia, swali nililoulizwa na jibu nililolitoa. Mjomba wako alisimama nyuma ya kiti changu muda wote. Hasomi mengi, lakini jina lake analifahamu, akaweka kidole hapo nilipoandika kwamba hakuficha kitu. Kisha akashuka na kidole mpaka chini kabisa.

"Na hili?"

"Hilo ni jina langu."

Akalitazama. Akatikisa kichwa, akanirudishia kalamu mkononi.

"Liandike kubwa," akasema.

Nimeliandika kubwa.

Mama yako Mkubwa